Shimo la Maji Lililotangulia Nyumba

Niliwahi kuamini, tena nikiwa na cheti changu cha masomo ya jioni mkononi, kwamba serikali ina ghala Masasi lililojaa nyumba zilizokunjwa kama miavuli. Kiwanja chako kikishapimwa na kuwekewa mawe ya mipaka, lori linakuletea yako, vijana wanaikunjua, wanakula ugali, wanaondoka. Aliyenieleza ni kinyozi wangu, na wembe ulikuwa shingoni, kwa hiyo sikubisha.

Wapimaji walipofika mtaani kwetu Newala, nilishinda nyuma yao nikiwabebea vyuma. Walipochimbia jiwe la nne kwenye kona ya kiwanja changu, nilikalia jiwe lile kama mzee aliyemaliza kuozesha mabinti wote. Mawe yale yalikuwa na nguvu. Eneo ambalo hata mbuzi walilidharau, mnunuzi wa korosho kutoka Tandahimba alilifuata mara mbili akitaka nimuuzie.

"Nyumba iko njiani," nilimwambia. "Nitauzaje?"

Nilichotamani hasa ni bati. Mama yangu aliishi kwenye nyumba ya nyasi, na maji ya paa la nyasi yana rangi ya chai. Wenye bati walikinga mvua kwenye mashimo yao ya saruji. Yeye alishuka bondeni na ndoo, akapanda nayo, mlima ambao mimi nikiupanda mikono mitupu natoa mlio wa mashine ya kukoboa. Nilimtamania mfereji mmoja tu wa paa la bati, ukimwaga maji meupe mlangoni pake. Mpaka leo mvua ikigonga bati la jirani huwa naacha ninachofanya, nasikiliza.

Basi nikafanya kama mtu wa kwetu yeyote mwenye akili zake: nikaanza na shimo la maji, nyumba ije ilikute. Nilichimba majuma matatu, mpaka nikawasikia watu wa upande wa pili wa dunia wakikohoa. Saruji niliyokuwa nayo yote ikaishia humo. Nyasi za paa la mama sikuzibadilisha mwaka huo. Za nini tena?

Mvua za kwanza ziliponyesha nilimkuta anahamisha kitanda, sufuria katikati ya chumba ikipokea matone.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hilo lori lako linapitia Songea?"

"Linakuja, mama."

"Likija liniletee na kanga kavu."

Alicheka, lakini mabega yake yalikuwa yameloa. Sikukaa. Nilikwenda moja kwa moja ofisi ya ardhi. Binti wa pale alinipa shikamoo, akanipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho: ghala, lori, shimo. Nikamuuliza zamu yetu ni lini.

"Baba, serikali inapima kiwanja na kukupa hati," alisema. "Nyumba unajenga mwenyewe."