Lenzi ya Kumpigia Mama Mkwe

Mke wangu alipofariki tulitafuta picha ya kubeba mbele ya jeneza. Mimi ni mpiga picha. Nimepiga maharusi, wahitimu na watoto wa komunio ya kwanza kwa miaka mingi, na katika hao wote mke wangu alikuwepo, ila alikuwa nyuma yangu ameshika taa. Picha yake iliyokuwa nzuri kuliko zote ilikuwa ya kitambulisho. Tuliipeleka mjini ikakuzwa. Ilitoka na sura ya mtu aliyeambiwa asimame pembeni asubiri afisa. Tukaibeba hivyohivyo.

Mama yake, ambaye anaishi Maposeni, hakusema kitu siku ya mazishi. Tulipomaliza arobaini alimtuma shemeji yangu, mdogo wa marehemu, anayekaa naye na kumtunza.

"Mama anasema yeye hataki kubebwa na sura kama ile," shemeji akaniambia. "Anasema umpige sasa hivi, akiwa bado anaweza kukaa wima."

Nikasema nimesikia.

Kamera yangu ni ndogo, ya hizi za kisasa zisizo na kioo cha kuakisi ndani, niliyoinunua ikiwa imetumika. Ilikuja na lenzi ya kuvuta. Inavuta vizuri, lakini inataka jua. Na mama mkwe jua limemshinda. Akitoka nje macho yanamtoa machozi na uso unajikunja wote. Anakaa ndani, karibu na mlango, kwenye chumba ambacho dirisha lake lina ukubwa wa sinia. Nilijua lenzi ile ndani mle ingenipa picha ya giza yenye macho mawili. Nilihitaji lenzi yenye tundu kubwa la kupitisha mwanga, na ambayo bei yake mtu kama mimi anaiweza. Za namna hiyo hazivuti. Ukitaka mtu awe mkubwa unamfuata kwa miguu.

Kwa muuzaji wa kamera mjini, mtu wa Tunduru, mpole, zilikuwepo mbili: ya milimita thelathini na tano, inayochukua eneo pana, na ya hamsini, ambayo mtu hutoka mkubwa zaidi.

"Unapiga nini, mzee wangu?"

"Mtu mmoja. Sura."

"Basi hamsini."

"Yuko ndani ya chumba kidogo."

"Basi thelathini na tano."

"Lakini mimi nitakuwa mbali naye."

Akaniangalia. "Chumba kidogo, na wewe uko mbali. Utasimama wapi, mzee wangu, kwa jirani?"

Nilipaswa kumwambia kwamba mtu mwenyewe ni mama mkwe. Angeelewa, hata Tunduru wana wakwe. Lakini nilikuwa bado sipendi kutaja habari za mke wangu mbele ya mtu nisiyemjua. Nikachukua ya thelathini na tano. Ilikuwa ndogo, inaingia mfuko wa koti, na bei yake ilikuwa karibu nusu ya mwenzake.

Nyumbani Mjimwema niliijaribu kwa siku tatu. Niliweka kiti karibu na mlango, nikakitundikia koti langu, nikasimama hatua moja na nusu kutoka hapo. Koti lilitoka vizuri sana. Nyuma yake ukuta ulififia kama inavyotakiwa, na kila uzi wa ukosi ulionekana. Nilifurahi, kwa kiasi ninachofurahi siku hizi. Katika furaha hiyo nilisahau jambo lilelile nililolikwepa dukani, ambalo mtoto yeyote wa kwetu angenikumbusha: koti si mkwe.

Kwetu mtu hamkaribii mama wa mke wake. Mjini siku hizi wapo wanaokula nao meza moja, na sijasikia kwamba wamepata madhara. Lakini sisi tulioa kwa desturi ya zamani. Miaka yote ile nilimsalimia kutoka ukingoni mwa uwanja, macho chini, na maneno mengine yakapitia kwa mke wangu. Tukikutana njiani nilikuwa naingia kwenye mahindi ya watu. Naweza kusema kwa kweli kwamba sura yake nilikuwa siijui vizuri.

Hilo nililikumbuka nikiwa tayari nimesimama uwanjani kwake, kamera shingoni, turubai la kuanikia mahindi likiwa kati yetu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hamjambo huko mjini?"

"Hatujambo," nikaitikia kwa niaba ya wote, ambao ni mimi.

Nikainua kamera. Kwenye kioo chake cha nyuma nikaona nyumba nzima, bati, kuku wawili, na katikati mlango mweusi wenye kitu cheupe kama punje. Kitu hicho kilikuwa kilemba cha mama mkwe. Kingekuzwa, kingetoka kibaya kuliko kile kitambulisho.

Shemeji alikuja akatazama. Yeye ananitania, ni haki yake. "Shemeji, hii ni lenzi au kizibo cha chupa ya chai? Mama yuko wapi humu?"

"Huyo hapo."

"Huyo ni kuku."

Nikampa kamera aingie yeye. Alipiga sita. Tatu hazikuwa na paji la uso, mbili zilikuwa za mlango, na ya sita ilikuwa ya kidole chake. Mama mkwe akasema kutoka ndani, kwa sauti ambayo niliisikia vizuri lakini haikuwa yangu kuijibu:

"Mwambie mwenye kazi afanye kazi yake."

"Mama, ataingia vipi?"

Kisha nikasikia kigoda kikiburuzwa. Shemeji akachungulia, akacheka, akanigeukia.

"Amegeukia dirishani. Anasema sasa hakuoni, kwa hiyo hujaja."

Nilivua viatu. Niliingia nikitazama kioo cha kamera tu, kwa sababu niliona kwamba kutazama kioo si sawasawa na kutazama mtu. Sijamuuliza padre. Hatua moja, mbili, mpaka hatua moja na nusu ikabaki. Mwanga wa lile dirisha dogo ulikuwa unamwangukia shavuni, na lenzi ikaupokea wote. Taya lile nililifahamu. Namna ya kukaza mdomo mtu akingoja jambo liishe, niliifahamu pia. Niliishi nayo nyumba moja. Picha mbili za kwanza zilitikisika. Ningeweza kuisingizia lenzi, lakini lenzi haikuwa na kosa. Ya tatu ilitulia.

Nilitoka kinyumenyume, nikavaa viatu uwanjani.

Niliisafisha kwa ukubwa ule wa kubebwa mbele ya jeneza na kuipeleka wiki iliyofuata. Nilikuwa na hofu, maana picha ya namna ile hutazama watu mbele, na hii ilitazama dirisha. Niliwaza kwamba akiikataa sitakuwa na njia nyingine ya kumpiga, na atabebwa na kitambulisho kama mwanawe. Shemeji akaiingiza ndani. Nikasubiri kando ya turubai.

"Anauliza sikio lake limekuwa kubwa hivi tangu lini," shemeji akasema mlangoni.

"Mwambie lenzi hii haikuzi kitu."

Akarudi ndani. Walizungumza kwa muda. Nilisikia kifuniko cha sanduku kikifunguliwa, lile anamoweka khanga zake za kuzikiwa, kisha kikafungwa. Shemeji akatoka mikono mitupu.

"Ameiweka. Anasema siku hiyo watu wa jumuiya wakiuliza kwa nini anatazama pembeni, waambiwe aliyepiga ni mkwe wake."