Ngendo Ajifunza Kusimama Upande

Ngendo ameteleza kwa viatu vya magurudumu miaka kumi na miwili, na mtu wa mtaa wa Ruring'u atakuambia hivyo kabla hajakuambia kwamba ni fundi wa nguo. Jumamosi asubuhi hufunika cherehani yake akaenda kwenye lami iliyo nje ya uwanja wa michezo kufundisha watoto. Hana mtoto wa kuzaa. Hao wa Jumamosi ndio wake, hata wenye makamasi.

Mwaka huu zikaja mbao. Ubao mmoja, magurudumu manne chini, unasimama juu kwa miguu yote miwili. Aliyeuleta wa kwanza ni Wendy, msichana wa miaka ishirini na tatu anayeuza katika duka la dawa mjini. Kuteleza kwa viatu alifundishwa na Ngendo huyo huyo akiwa mdogo. Kufikia Aprili, kati ya watoto kumi na wanane, kumi na mmoja walikuwa wamehamia kwa Wendy. Wawili kati ya saba waliobaki, walibaki tu kwa sababu mama zao walikataa kununua ubao.

Ngendo alikuwa anapinda suruali ya mtu alipojiuliza: hawa saba nao wakienda, Jumamosi nitakuwa nani?

Basi akaazima ubao. Hakumwambia Wendy amfundishe, alisema anataka kuuangalia tu. Siku tatu alijaribu peke yake asubuhi na mapema. Alikuwa amezoea viatu, kila mguu na gari lake, uso mbele. Ubao unataka usimame upande, kama mtu anayesikiliza umbea mlangoni. Alianguka, akaamka, akaanguka. Siku ya tatu akaenda mita ishirini bila kuanguka, na kiburi kikapanda pamoja naye.

Jumamosi akaamua kuwaonyesha. Alijisukuma, akashuka mteremko vizuri kabisa, watoto wote kumi na wanane wakitazama. Shida ilikuwa kusimama. Kwa viatu, ukitaka kusimama unauvuta mguu wa nyuma na kuuburuta chini. Kichwa kilijua huu ni ubao. Mguu haukuulizwa. Uliteremka wenyewe, ubao ukaenda zake mpaka getini, na Ngendo akatua kwa kiwiko.

"Ticha, sema kosa!" Mwai alipiga kelele. Ana miaka tisa, na hana huruma.

Sheria ilikuwa ya Ngendo mwenyewe: anayeanguka haamki mpaka ataje alichokosea, ili aibu itokee mdomoni isibaki mguuni. Aliwakalisha chini kwa sheria hiyo miaka yote. Sasa lami ilikuwa baridi chini yake.

"Nimefunga breki na hii mguu ya nyuma, kama niko na viatu."

"Na ingine?"

"Ati na ingine?"

"Si wewe husema kosa haikuwangi moja?"

Watoto wakacheka. Ngendo hakucheka. Alitazama kiwiko kinavyotoa damu.

"Sikuomba kufunzwa," akasema.

Wendy alikuwa amefika mbio, ubao kwapani. "Ningekuambia aje, Ticha? Ni wewe ulinifunza."

"Kwani mimi nilizaliwa nikijua? Niinue, wacha maneno."

Wendy alimwinua, akampeleka kwenye nyasi, mahali ubao hauwezi kuteleza. Halafu bila kumwonya akamsukuma mgongoni. Mguu wa kushoto wa Ngendo ukaruka mbele kumshika asianguke.

"Wee! Unasukuma mtu mzima?"

"Hiyo ya kushoto ndiyo ya mbele. Ulikuwa unaweka ya kulia, ndiyo maana unateseka. Sasa panda. Kunja magoti. Zaidi. Ticha, si hivyo, hiyo ni kuinamia Mungu."

Ngendo alikunja. Mapaja yaliwaka moto. Wale saba waliobaki nyuma walikuja na viatu vyao wakasimama kando kutazama, na wale kumi na mmoja pia, na kwa mara ya kwanza tangu Aprili walikuwa kundi moja.

Saa tano mama Mwai akaja kumchukua mtoto wake, akatazama huku na huku. "Leo mwalimu ni nani hapa?"

"Wa viatu ni mimi," Ngendo akasema. "Wa ubao ni huyu. Ngoja kidogo, mama Mwai, mimi niko darasani."

Na hakunyoosha magoti, kwa maana Wendy alikuwa hajamruhusu.