Bafta ya Chini ya Sanduku

Sijui ni nani aliyewafundisha watu kwamba kiraka ni aibu, lakini mtu huyo ningempata pale Migori ningemshika shati. Miaka yote ile ya tisini nilikuwa nashona mablanketi ya viraka, na miaka yote ile sikupata hata mmoja wa kuniambia, hilo nalitaka. Mmoja tu! Walisema, "Una subira wewe." Walisema, "Mikono yako haichoki?" Hizo si sifa. Hivyo ndivyo mtu anavyoongea na anayechimba kisima mahali pasipo na maji.

Kazi hii nilifundishwa na mke wa mwenye duka mmoja, Mhindi, tuliyepakana naye ukuta kabla hawajahamia Kisumu. Mama yule alikuwa mkali. Aliniambia kitambaa cha blanketi la viraka hakinunuliwi dukani, kinatoka nyumbani kwa watu, kwenye nguo ambazo zimeshavaliwa na kufuliwa. Ukinunua, unashona shuka tu. Nikalishika hilo hadi leo. Basi ikawa kila nikipata nafasi nawazungukia mafundi wa cherehani kwenye baraza zao, nainama chini ya meza kuokota masalio, na nyumba kwa nyumba naomba magauni yaliyochakaa. Na mafundi wenyewe wabishi! Masalio yale wanayatupa, lakini ukionyesha tu kwamba unayataka, yanageuka dhahabu.

Mume wangu alikuwa na duka la vyuma, misumari na mabati na simenti. Siku moja alirudi nyumbani amenuna. Mteja wake alikuwa ameniona nimeinama uvunguni mwa cherehani ya mtu.

"Mama watoto, watu watasema duka limeanguka."

"Waseme."

"Nikununulie blanketi. Moja, mbili, tatu. Unataka ngapi?"

Nilimwacha. Utamwelezaje mtu anayeuza misumari kwa kilo? Sebuleni nilikuwa natandaza mkeka, juu yake natandaza blanketi, na hapo hakuna kupita. Wageni walipitishwa jikoni. Binti zetu wawili walijifunza kuruka pembe za blanketi wakienda shule, na yule mkubwa, alipoanza kujijua, akawa hataki wenzake waje nyumbani.

Na nilikuwa natoa, si kwamba nilikuwa mchoyo. Jirani nilimpa moja alipojifungua. Baada ya mwezi naingia kwake nalikuta mezani, anapigia pasi juu yake. Jingine nilipeleka harusini. Bibi harusi alinirudishia mwenyewe, kwa adabu zote, akaniambia, "Dada, nadhani ulikosea kifurushi." Wallahi nilirudi nalo nyumbani nimelikumbatia, na nikalia kwa hasira, si kwa huzuni.

Jumamosi zetu zilikuwa za Homa Bay. Mama mkwe wangu alikuwa akiishi huko, mjane, nyumba yake ya mabati si mbali na msikiti. Alikuwa amelea watoto wake kwa kuuza mandazi na viungo vya pilau, na mgongo ulikuwa umeanza kumwinama. Tulikwenda kwa pikapu ya duka, mimi na mume wangu mbele, wasichana katikati yetu wakigombania dirisha ambalo hata halikuwa lao. Awendo ilikuwa lazima tukwame nyuma ya lori la miwa, twende nalo pole pole mpaka wasichana waanze kulia kwamba wanataka muwa. Ukishanunua muwa, gari zima linanata. Halafu mwaka mmoja gugumaji likawa limefunga ziwa. Niliwaahidi watoto kupanda boti. Tukafika ufukweni tukakuta majani matupu, kijani kitupu mpaka mbali, na boti zimekaa humo haziendi mbele wala nyuma. Samaki nao bei yao hata usiulize. Hizo ndizo zilikuwa safari zetu za raha.

Mama mkwe hakuwahi kunicheka kwa sababu ya viraka. Nikimwonyesha kazi, alikuwa anaichukua mkononi, anaigeuza, anapitisha kidole kwenye mshono, halafu anasema, "Mmh." Basi. Sitaki kudanganya, ile mmh iliniudhi kuliko maneno ya wengine wote. Mtu akikucheka unajua mmesimama wapi.

Ndipo nikaanza lile la leso. Nilijiapiza kwamba hili, mtu atalitaka, hata kama ni kichaa. Kwa miaka miwili nilikusanya leso kuukuu za wanawake niliowafahamu, za shangazi, za majirani, nyekundu na nyeusi na ile rangi ya manjano inayobaki baada ya kufuliwa mara mia. Nilizikata pembetatu ndogo, nikazipanga upande wa juu, yaani usoni, mpaka pakachangamka. Katikati niliweka blanketi la zamani. Kilichobaki kilikuwa mgongo, yaani upande wa chini, ambao unatakiwa uwe wa kitambaa kimoja, kipana, kisicho na maua. Na mgongo huo sikuupata. Nilitafuta mwaka mzima. Mashuka ya watu yana mashimo. Na dukani nilishasema siendi.

Jumamosi moja, mama mkwe alikuwa amekaa kibarazani anachambua mchele. Nikalalamika kwamba leso zimeniishia na pembe moja haijajaa. Hata mgongo sikuutaja.

"Fungua sanduku langu," aliniambia bila kuinua macho, "uchukue zile kuukuu. Mimi nitazipeleka wapi?"

Nikaingia chumbani. Nikatoa leso nne. Chini kabisa, ndani ya mfuko wa plastiki, nikakuta kitambaa cha bafta. Nyeupe, nzito, ndefu, imekunjwa vizuri na imeanza kugeuka rangi kwenye mikunjo. Niliinusa: ilikuwa na kafuri. Nikasema moyoni, ah, kumbe mama anajua kufukuza nondo.

Sasa niambie. Mimi, Mwislamu, niliyekwisha kushiriki kumwosha shangazi yangu alipofariki na kumfunga, niliyeishika kafuri kwa mikono hii, pua yangu siku hiyo ilikuwa wapi? Bafta nyeupe, ndani ya sanduku la mwanamke mzee, chini ya kila kitu, na kafuri juu yake. Mtoto wa madrasa angejua. Lakini mimi niliona mgongo wa blanketi tu. Nikaikunja pamoja na zile leso nne, nikatoka, nikasema, "Ahsante, mama," naye akasema, "Haya, mwanangu," akaendelea na mchele wake.

Nilipofika Migori sikungoja hata Jumapili iishe. Niliikata katikati, nikaunganisha vipande viwili kwa upana, nikaiweka chini, na nikaanza ule mshono wa mwisho unaopita nguo zote tatu, uso, tumbo na mgongo, mistari midogo ya sindano kwa sindano mpaka blanketi linakuwa kitu kimoja. Kwa mara ya kwanza mume wangu alisimama akaangalia.

Lilikuwa limebaki pindo tu, Jumamosi moja, tulipokwenda Homa Bay na kumkuta mama mkwe anaanika nguo za sanduku. Wifi yangu, dada yake mume wangu, alikuwa hapo akimsaidia. Mama alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku tupu.

"Ile bafta yangu ya chini," akauliza, "nani kaitoa?"

"Ni mimi, mama. Siku ile uliyoniambia nichukue."

"Nilikwambia leso."

"Nilidhani..."

Wifi akaacha leso iliyokuwa mkononi ikaanguka chini. "Yawa! Umechukua sanda ya mama?"

Wifi akanimwagia yote, na kwa sauti ya kutosha mtaa mzima. Kwamba mama alijinunulia mwenyewe, kwa pesa ya mandazi, kwa sababu hakutaka siku yake ikifika watu waanze kuchangishana mlangoni. Kwamba alimpa mwanamke aliyekwenda Makka, ikaloweshwa maji ya zamzam, ikarudi. Kwamba miaka yote hiyo ilikuwa imelala hapo ikimngoja. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mama mkwe alimnyamazisha kwa mkono. "Umeifanyia nini?"

"Nimeishonea blanketi, mama. Ndiyo mgongo wake."

"Lile la leso?"

"Lile."

"Haya. Maji yakimwagika hayazoleki." Akafunga sanduku, akauliza kama watoto wamekula.

Angenitukana ningelala. Lakini kutotukanwa! Tukiwa njiani kurudi, kabla hatujapita Rongo nilikuwa nimeshaamua. Maji hayazoleki, lakini uzi unafumulika.

Nilifumua miezi minne. Mtu ambaye hajawahi kufumua mshono wa nguo tatu asiniambie kitu kuhusu subira. Wembe nisingeweza kutumia, ungeikata bafta, kwa hiyo ilikuwa ncha ya sindano, tundu kwa tundu, unainua uzi, unaukata, unauvuta. Bandu bandu huisha gogo, wanasema. Hawasemi mkono wa mwenye shoka ulikuwaje. Na leso zile kuukuu hazikuvumilia. Kila nilipovuta uzi, uso ulichanika. Mwanzoni nilijaribu kuuokoa. Baadaye nilikasirika nikavuta tu, na uchanike. Miaka miwili ya pembetatu ikawa matambara, nikayatupa karibu na ndoo, na msichana wangu mdogo akaanza kuyapigia deki.

Homa Bay sikwenda tena. Ningemtazama kwa macho gani? Nilisingizia kichwa, nikasingizia mgeni, na mume wangu akawa anakwenda peke yake na watoto. Kila akirudi alikuwa na ujumbe uleule.

"Mama kauliza blanketi limefika wapi."

Neno hilo lilinichoma. Nilielewa. Anaidai bafta yake kistaarabu, hataki kuitaja. Nikawa nasema, "Mwambie linakuja." Mara ya pili nikasema, "Mwambie avumilie." Mara ya tano au ya sita nilimpigia mume wangu kelele mbele ya watoto: "Mwambie nina mikono miwili tu!" Naye akatoka nje, maskini, kwenda kwa misumari yake. Nilikuwa nimekaa mbele yake jioni zote hizo nikifumua, na nilipomuuliza baadaye kwa nini hakumwambia mama yake, alinijibu kwa moyo mweupe kabisa, "Kwani kushona na kufumua kuna tofauti gani? Yote si sindano?"

Uzi wa mwisho ulipotoka, niliifua bafta, nikaitia buluu ya kufulia ing'are, nikaipiga pasi, nikaifukiza udi mpaka nyumba nzima ikanukia. Jumamosi nikaingia garini wa kwanza.

Mama mkwe alinipokea chumbani. Nikampa kifurushi kwa mikono miwili. Alikifungua, akatoa kipande kimoja, akakishika juu mbele ya dirisha. Mwanga ukapita kwenye matundu ya sindano, mistari kwa mistari, kutoka juu mpaka chini.

"Nini hii?"

"Bafta yako, mama. Nimefumua yote. Hakuna uzi hata mmoja uliobaki."

Akakishusha. "Sanda ninayo," alisema. "Wifi yako aliniletea mpya Jumatatu iliyofuata tu. Imo humo sandukuni."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia lini? Huji."

"Si mwanao alikuwa anakuja kila Jumamosi!"

"Na kila Jumamosi nilimuuliza. Blanketi limefika wapi?"

Nilimuuliza kuhusu zamzam, nikitafuta mahali pa kukanyaga.

"Nililifikiria hilo," alisema. "Nikaona basi, nitajifunika hiyo ya zamzam ningali hai. Kuna ubaya gani?" Akanigeuzia uso, akanionyesha kitanda chake. Shuka alikuwa ameiondoa. Godoro lilikuwa limepigwa jua, limekung'utwa, liko tupu, na kwa jinsi kamba za kitanda zilivyokazwa upya nilijua halikuandaliwa siku hiyo tu. "Wanawake wa msikitini nimeshawaambia waje Idi kuliona blanketi."

Nikakichukua kile kipande kingine, nikaanza kukikunja upya.

"Hukuniuliza ulipoichukua," alisema, na hakuwa na hasira hata kidogo. "Na hukuniuliza ulipoirudisha. Sasa liko wapi blanketi langu?"

"Nimelichana, mama," nikamwambia. "Tunapigia deki."