Moyo Uliochorwa Kinyume

Nilirudi nyumbani Isongole na shahada ya sayansi miaka ile serikali ilipoacha kuwapangia kazi wahitimu. Waliotutangulia walimaliza chuo wakijua shule watakazopelekwa. Sisi tuliambiwa soko sasa ni huria, kila mtu ajitafutie. Mimi nilijitafutia kwa kufikiri. Asubuhi nilitunga barua ya maombi kichwani, mchana nikaifuta hukohuko kichwani, na jioni nilikuwa nimechoka kama mtu aliyelima viazi, ingawa aliyelima kweli alikuwa mama.

Iliyoniokoa ni shule ya wazazi upande wa Kiwira. Ilikuwa mpya, nusu ya madarasa hayana dari, na haikuwa na mwalimu wa biolojia. Somo hilo lilishikiliwa, pamoja na mengine, na mwalimu wa taaluma, mama aliyestaafu shule ya serikali. Shule nzima ilimwita Mama Taaluma. Aliviangalia vyeti vyangu upande mmoja tu, akaviweka pembeni, akanipa penseli na haragwe lililolowekwa na kupasuliwa, akasema nimchoree.

Nikachora. Alinisimamia akieleza kwa nini watoto wake walipoteza alama. Walitia vivuli kama wanachora picha ya kutundika ukutani. Mistari yao ya kuonyesha sehemu ilipishana kama njia za ng'ombe. Zaidi ya yote, walichora kwa kuparuza vipande vipande, mstari ukaota manyoya. Mstari wa mchoro wa biolojia ni mmoja, alisema, unaanza na unafika. Nilimwelewa sana, kwa sababu mkono wa mtu mwenye wasiwasi ndio unaootesha manyoya. Ajabu ni kwamba wangu, ukishika penseli iliyochongwa vizuri, hutulia. Ni sehemu pekee ya mwili wangu inayojua kutulia.

Akanipa kazi. Kidato cha nne walikuwa wanakaribia mtihani wa majaribio, na ukurasa wa michoro ulihitaji mtu. Wiki hiyohiyo bodi ya shule ingekaa kuamua nani aajiriwe.

"Michoro ikiwa safi nitakusemea," aliniambia. "Ikiwa michafu, nitakaa kimya. Simsemei mtu ambaye sijauona mkono wake."

Nilikabidhiwa stensili moja, ile karatasi ya nta inayochanwa kwa kalamu ya ncha ya chuma, kisha hufungwa kwenye mashine ya kudurufu na wino ukapita kwenye michano. Stensili zilikuwa zimebaki chache. Maduka ya Tukuyu wakati huo yalikuwa yamejaa chupa za chai, redio na sabuni za manukato kutoka nje, lakini stensili ilibidi uifuate Mbeya. Kwa hiyo niliibeba ndani ya kitabu, kitabu ndani ya mfuko wa plastiki, maana mvua ilikuwa inanyesha.

Nilikaa mezani karibu na dirisha, nikaanza kufikiri. Mchoro mkubwa ulikuwa wa moyo. Nikakumbuka muhuri wa ofisi ya kijiji, ambao herufi zake zimegeuzwa ili zikigongwa zisomeke. Nikajiuliza, stensili si nayo inagandamizwa kwenye karatasi? Basi nayo lazima igeuzwe. Nikauchora moyo kwa penseli, nikauweka kwenye kioo cha dirisha, nikaufuatisha kwa nyuma. Karatasi hiyo ndiyo niliyoitandika chini ya stensili, nikachana kila mstari kinyume, na kila herufi, na maswali mawili yaliyokuwa chini ya mchoro.

Mama aliingia na chai, akainama kutazama.

"Mbona unaandika kinyumenyume, mwanangu?"

Nikamweleza kwamba mashine itageuza.

"Umeiona hiyo mashine?"

"Sijaiona, mama. Nimeifikiria."

Aliniachia chai.

Siku ya kudurufu tulikuwa ofisini watu watatu: Mama Taaluma, karani wa shule na mimi. Karani alifunga stensili, akazungusha mpini, karatasi ya kwanza ikateleza nje. Nilijua kabla haijasimama. Aota, ule mshipa mkuu, ilipinda upande usio wake, ukuta mnene wa ventrikali, chumba cha chini cha moyo, ulikuwa upande usio wake, na maswali yalisomeka kama lugha ya nchi nyingine.

Karani aliinyanyua. "Dada, hawa watoto waje na vioo?"

Mama Taaluma hakucheka. Aliichukua karatasi, akaiinua dirishani na kuitazama kwa nyuma, muda mrefu. Kisha akamwambia karani afungue stensili, aigeuze, aifunge upya. Tulipangusa wino kwa magazeti, tukachafuka mikono wote watatu. Mpini ukazungushwa tena. Herufi zikasimama, aota ikapinda inakotakiwa kupinda. Mama Taaluma akatoa penseli, akafuata mstari mmoja baada ya mwingine mpaka mwisho wa ukurasa.

Aliniuliza kwa nini. Nikaeleza habari ya muhuri.

"Karani alikuwepo. Mimi nilikuwepo. Kwa nini hukuuliza?"

"Niliogopa mtaona sijui."

"Sasa tumeona," alisema. Akaiweka karatasi mezani. "Moyo huu umeuchora kinyume, na hakuna kitu kilichokosea upande. Wangu wa kidato cha nne wanaukosea ukiwa umenyooka. Moyo unaujua. Kuuliza ndiko hujui."

Sikulala vizuri mpaka siku ya bodi. Nilisubiri nje chini ya paa, manyunyu yakianguka, nikipima kila neno la Mama Taaluma. Lilikuwa la kunisemea au la kunyamaza? Niliyapima maneno hayo pande zote mpaka yakapoteza maana.

Alitoka akifunga vifungo vya koti.

"Kidato cha pili na cha tatu ni vyako. Mimi mwenyewe nimewaambia habari ya moyo, wasije wakaisikia kwa karani ikiwa imeongezwa chumvi. Mwenyekiti amecheka mpaka akavua miwani. Halafu nikawapitishia mchoro."

Nilikuwa nimetunga hotuba ya kumshukuru, yenye mwanzo na mwisho. Ilinitoka, "Ndaga fijo, mama," na hapo ikaishia, kwa Kinyakyusa, lugha ninayosema nikikosa muda wa kufikiri. Mpaka leo sijapata shukrani iliyo bora kuliko hiyo. Angeweza kukaa kimya, kama alivyoahidi, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Una swali?" aliuliza.

Nilikuwa nayo mengi. Kama wangejuta. Kama watoto wangenicheka. Kama bodi ilikubali kwa moyo mmoja au kwa kuchoka. Nikachagua moja.

"Kidato cha pili wanakaa jengo lipi?"

Akafungua mwavuli, akanipa nafasi chini yake, tukaenda.