Ncha za Vitenge vya Mama

Mvua ikikatika mtaani kwetu Ng'ambo, harufu ya mchanga uliolowa huingia mpaka vyumbani, na kwangu mimi, mtoto wa miaka tisa asiye na wa kucheza naye, harufu hiyo ilikuwa kengele ya kazi. Nilichukua kopo la maziwa ya unga nikafuata vifereji vilivyochimbwa na maji kwenye njia ya zamani ya misafara, kichwa chini, nikitafuta shanga. Mwalimu wetu alitueleza kwamba wapagazi waliotoka pwani walizibeba kwenye mizigo yao, nyingine zikadondoka, na kila mvua huzifukua chache. Nilipata za buluu na mara mojamoja nyekundu yenye moyo mweupe, ndogo kama punje ya mtama. Niliokota pia lebo za viberiti, karatasi za kung'aa za pakiti za sigara, na vigae vya sahani zenye maua. Watoto wa jirani walikatazwa kuja kwetu kwa sababu mama alikuwa anakohoa, na mimi nilikatazwa kukaa chumbani mwake muda mrefu. Sijui kama upweke hunoa macho, lakini msimu ule hakuna kilichong'aa mtaani kikanipita.

Aliyekuwa akimuuguza mama ni mdogo wake, mama mdogo Veronika, aliyetoka kijijini Choma kwa kazi hiyo. Baba alikuwa akipima tumbaku Urambo na kurudi mwisho wa juma. Mama mdogo aliniita Mama Takataka, na jina hilo lilinifurahisha kuliko langu la ubatizo. Siku moja alikoroga uji mzito wa unga wa ngano, akanipa kipande cha boksi, akasema, "Haya, Mama Takataka, bandika hizo mali zako, dada azione." Nikabandika. Tuliegemeza picha ukutani upande wa miguu ya kitanda, na mama akaitazama akiwa amelala. Kila nilipoongeza kitu alikitambua kabla sijamwonyesha. Baadaye nilisomeshwa sanaa na watu wenye vyeti vyao, lakini ufundi wenyewe niliupata pale, kwa uji wa ngano.

Mama alifariki kabla mvua hazijakwisha. Ikakubaliwa kwamba msiba ukimalizika nitakwenda kuishi Choma na mama mdogo, na yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia, akinisuka nywele uani. Nilitulia niliposikia hivyo. Kisha nikasikia kwamba kesho yake, siku ya kumaliza msiba, nguo za mama zingegawiwa kwa ndugu, kila mmoja fungu lake, kama ilivyo desturi. Hakuna aliyeona haja ya kunifafanulia. Nilichoelewa ni kwamba mama angetolewa sandukuni vipande vipande na kupelekwa kwenye nyumba za watu. Nilikasirika, na hasira ya mtoto haina wa kuisikiliza nyumba ikijaa wageni. Mama mdogo alikuwa akifunga ufunguo wa sanduku kwenye pindo la khanga yake. Alipokwenda kuoga aliiacha khanga kitandani. Nikafungua sanduku, na kwa mkasi wa kukatia kucha nikakata ncha moja ya kila kitenge na kila khanga, kidogo tu, kama unavyokata kipande cha kubandika. Nikazificha kwenye kopo, chini ya shanga.

Kesho yake shangazi, dada mkubwa wa baba, alitandaza nguo mkekani mbele ya ukoo. Alinyanyua ya kwanza akaona pembe haipo. Akanyanyua ya pili. Mpaka ya tano, zote zilikuwa hivyo. Kwetu kila mtu anajua kipande cha nguo ya marehemu hukatwa kwa sababu gani: hupelekwa kwa mganga. "Hii si kazi ya panya," shangazi alisema taratibu. "Panya hashiki mkasi. Ufunguo ulikuwa kwa nani?" Macho yote yakamwendea mama mdogo. Aliapa kwa jina la Bwana, akaapa kwa kaburi bichi la dada yake, na kadiri alivyoapa ndivyo walivyozidi kusadiki kwamba ni yeye. Mimi nilikuwa nimeketi mlangoni na kopo mapajani. Ningesema, yangeisha. Lakini niliwasikia wakisema kwamba vipande vikionekana vichomwe moto siku hiyohiyo, na nikanyamaza. Nilichagua vitambaa. Mama mdogo aliondoka adhuhuri, peke yake, bila fungu lolote, na baba akaambiwa kwamba mtoto hapewi mtu wa namna hiyo. Nilibaki Ng'ambo na shangazi, aliyenilisha vizuri na hakunitania hata mara moja.

Leo kuokota na kubandika ndiyo kazi yangu. Watu huvaa vizuri na kuja Dar es Salaam kutazama picha zangu, wananiuliza nimepata wapi jicho lile, nami huwajibu habari za shanga na mvua, kwa kuwa ni habari nzuri na hazina aibu. Zile ncha za vitenge nilizibandika pia, lakini picha hiyo sikuwahi kuitoa nje. Ilikaa ukutani juu ya kitanda changu miaka yote hiyo. Nina nafasi kubwa ya kufanyia kazi, taa nzuri, gundi za kila namna, na nyumba isiyo na mtu wa kuniambia chakula kimepoa. Mtoto yule alikuwa mpweke kwa sababu alifungiwa nje. Mimi nilijifungia mwenyewe, na ufunguo nilikuwa nao.

Mwaka jana niliitoa picha ukutani nikaenda nayo Choma. Mama mdogo sasa ni mzee, anatembea kwa kushika kuta. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kabla hajanitambua. Nilimweleza yote palepale uani, mkono wake ukiwa bado kwenye ungo wa karanga. Nilipomaliza alisema, "Nilikutandikia kitanda, unajua? Kilikaa hivyo mpaka kiangazi kikaisha." Kisha akavuta picha magotini na kuanza kuzipapasa ncha. "Hiki dada alikivaa kwenye kipaimara changu. Hiki tulinunua pamoja, yeye chake na mimi changu; changu kilichanika." Nguo walizogawana wengine ziligeuka matambara zamani, na wengi wao wamekwenda. Yeye, aliyeondoka mikono mitupu, ndiye sasa aliyeshika kila nguo ya dada yake. "Fungu langu limechelewa," alisema, akaita mjukuu alete msumari. Nilisaidia kuitundika. Nimerudi Dar es Salaam, na juu ya kitanda changu pamebaki alama ya mraba kwenye rangi ya ukuta. Sijaweka kitu pale. Nyumbani kwangu hakuna tena hata uzi wa mama, na ndivyo ilivyopaswa kuwa tangu siku ile ya mkekani.