Kitambaa cha Mama Juu ya Diski

Mama yangu hapendi kuona chombo cha umeme kimekaa uchi. Alipokuja kwetu Sombetini kutoka kijijini Nkoaranga, ili awe karibu na daktari baada ya kufanyiwa upasuaji wa goita, alishuka na mkungu wa ndizi na furushi la vitambaa alivyodarizi mwenyewe. Kesho yake tu televisheni ilishavikwa, friji limevikwa, na makochi ndiyo usiseme. Nyumba ikapendeza, nami nikasifia.

Juu ya kabati la sebuleni, kando ya kile kifaa cha waifai, nilikuwa na kisanduku cheusi chenye diski mbili ndani. Simu na kompyuta zote za nyumbani zilihifadhi humo picha, video na rekodi, na kila kilichoingia kiliandikwa kwenye diski zote mbili. Nilijidai nacho sana. Moja ikifa, si nyingine ipo? Basi nacho kikapata kitambaa chake cha maua mekundu, nami nikawa napita hapo kila siku naona kimependeza.

Asubuhi moja nikatafuta picha, kisanduku hakipatikani kabisa kwenye simu. Nikafunua kitambaa. Lahaula! Kilikuwa cha moto kama kikaango cha chapati. Taa moja nyekundu, nyingine imezima.

"Mama, hiki hakikulia?"

"Kililia mno, pi pi pi, kutwa nzima wewe uko kazini. Nikakunja kitambaa mara mbili, nikakifunika vizuri. Kikanyamaza."

Baba, aliyekuwa amekuja kumwona mkewe, alicheka mpaka akamwaga chai. Mimi nina hasira za karibu, lakini mama ni mama. Nilitoka uani nikagombana na kuku.

Niliporudi ndani baba alikuwa ameacha kucheka, maana mama alikuwa ameuliza jambo. Akalirudia, kwa ile sauti ya mkwaruzo aliyobaki nayo baada ya upasuaji: "Na wimbo wangu umo humo?"

Ulikuwa humo, na haukuwa mahali pengine popote. Maisha yake yote mama alikuwa mwimbishaji wa kwaya kanisani kwao. Jumapili ya mwisho kabla ya kwenda hospitali nilimrekodi kwa simu, na simu yenyewe baadaye ikatumbukia kwenye ndoo ya maji. Sasa kuongea anaongea, lakini kuimba hawezi tena. Nikamjibu kwamba umo. Alikichukua kile kitambaa akaanza kukinyoosha magotini.

Nikakibeba kisanduku hadi mjini kwa fundi wa kompyuta ninayemfahamu, mtu wa Tanga, maneno mengi na mikono myepesi. Nilipomweleza habari ya kitambaa nilidhani atanicheka.

"Ndugu yangu, mama yangu mimi kalivika mpaka feni!" akasema.

Akanieleza yaliyotokea. Joto liliua diski ya kwanza, kisanduku kikawasha taa nyekundu na kulia, lakini taa na kilio vyote vikaishia chini ya maua. Diski ya pili ikabaki inabeba mzigo peke yake, mpaka nayo ikachoka.

"Ya kwanza tuizike," akasema. "Hii ya pili bado inapumua. Nitaikopi yote kama ilivyo, halafu nichokonoe ile kopi. Mgonjwa mwenyewe simgusi tena. Wataka nini hasa humo?"

"Sauti ya mama."

Hapo akavuta kiti, akaanza kazi.

Siku zilizofuata alikuwa ananipigia. Picha zimetoka, video za harusi zimetoka, ila rekodi za sauti zinagoma. Nyumbani mama hakuuliza. Nilishaanza kutafuta maneno ya kumwambia, mara simu ikaita. "Njoo na flashi," fundi akasema, kisha akaongeza, "Wallahi, mama yako!"

Jioni ile nikaichomeka flashi kwenye redio. Kwanza tukasikia viti na mtoto anayekohoa, halafu mama akaanza, peke yake, kwaya ikiwa bado imenyamaza. Sauti ilipanda, ikakaa huko juu, ikashuka ilipotaka yenyewe. Mama alinyooka kwenye kochi, mkono shingoni kwenye kovu. Nilijua atalia. Wapi! Alimgeukia baba.

"Kumbe nilikuwa naimba hivi," akasema, "na wewe kila asubuhi jikoni unaniambia nipunguze sauti!"

Baba alikohoa, akaangalia redio, akavua kofia akaipakata.

"Irudishe mwanzo," akaniambia. "Na uongeze sauti."