Ghislaine, anayewangojesha wageni juu ya maji ya moto

"Bale batu baliiba nini, Mama Charlène, mupaka unabatembeza ku milima sawa vile?"

Ndivyo jirani yake Bintu alivyouliza siku ya kwanza alipomwona akipita Nyantende na kundi la watu wazima wenye fimbo, jasho likiwatiririka. Ghislaine alicheka mpaka akaegemea ukingo wa njia.

"Habakuiba kitu, dada. Beko mu congé, banapumzika. Banalipa ili bachoke."

Leo asubuhi anatangulia tena. Ukungu bado umelala vilimani. Nyuma yake wanakuja watembezi watano wa Kinshasa na Lubumbashi, halafu Fabien, mbeba masufuria, na mwisho Apollinaire, mwenye kampuni ndogo ya matembezi iliyoko Bukavu. Jana walipanda mlima uliokuwa wa moto zamani. Leo ni siku ya chemchemi.

Mfuko wa chakula umekaa mgongoni pa Ghislaine, mkanda wake wa kamba ya kusuka ukipita kwenye paji la uso. Mkanda huo anao tangu enzi za kubeba magunia ya mihogo kwenye mteremko wa Kadutu, alipokuwa mjane wa juzi, mwenye darasa la sita na kitoto kichanga. Mumewe, Bisimwa, alikwenda kuchimba dhahabu Shabunda. Shimo lilimfunika.

"Mama guide, na barafu tutaiona wapi?" anauliza Lucien, mhasibu wa Lubumbashi mwenye viatu vipya.

"Barafu iko Ruwenzori, papa. Sisi huku Mungu alitupatia maji ya moto."

Kila safari humpa dola thelathini. Ndizo zinazomsomesha bintiye Charlène, ambaye sasa yuko mwaka wa mwisho wa sekondari.

Kwenye jiwe kubwa anasimama, anapiga ishara ya msalaba, kisha analaza fimbo yake kuziba njia. Chini, mvuke unapanda kati ya migomba, na sauti za wanawake zinasikika. Kitenge chekundu kinaning'inia mtini.

Kila mtu wa pale anajua maana yake. Mkunga Colombe yumo majini anamkanda mama aliyejifungua, na kitenge kikiwa juu hapiti mgeni, hapiti mwanamume.

Apollinaire anakuja mbele akihema. "Ghislaine, mwangaza wa asubuhi unapotea. Bageni banataka picha mu mvuke. Toa fimbo."

"Kitenge kiko juu, patron."

"Bageni balilipa!"

"Balilipa juu ya kutembea. Bale bamama habakusema batazamwe."

"Fabien! Bapeleke chini."

Fabien anatazama kitenge. Anamtazama patron. Anashusha sufuria kubwa, analigeuza, analikalia.

"Miye mama yangu alikandwa palepale aliponizaa," anasema. "Nitapita na uso gani?"

Lucien anapasuka kicheko na kuanza kuvua viatu. "Tungoje, patron. Malengelenge yangu yanashukuru."

Wanangoja. Wanakula mayai. Hatimaye kitenge kinashuka, na mama kijana anapanda njia taratibu, mtoto kifuani, macho chini. Watembezi wanampisha bila kuambiwa. "Karibuni sasa!" anaita Colombe. Wote wanaingia majini isipokuwa Apollinaire, ambaye havui hata koti.

Ghislaine anawaangalia wageni wake kutoka ukingoni, mmoja mmoja, kama mtu anayechunga chungu jikoni.

"Habari ya kifo cha bwana yangu Bisimwa ilinikuta humu," anamwambia Lucien, aliyekaa majini karibu naye, kwa sauti ya chini. "Charlène hakuwa hata na mwezi. Colombe alinishika. Nililia uchi kama siku nilizaliwa, na hakuna mwanaume alinitazama. Unaona? Ile siwezi kuiuza."

"Na patron akikufukuza kazi?" anauliza Lucien.

"Nimeisha kuongea na Fabien, amekubali. Tutatembeza bageni sisi wenyewe, pamoja na bamama ba hapa. Bao batapika, babauzishie bageni chakula. Kitenge kikiwa juu, bote bakae chini, bangoje. Tutaanza mvua ikiisha, Mungu akipenda. Kama hapendi mara moja, nitamuomba tena."

Kesho yake mchana, ofisini Bukavu, Apollinaire hamkaribishi kuketi.

"Kundi la mwezi ujao linataka kuwa majini jua likichomoza, kitenge kiwe juu ao chini," anasema. "Fimbo yako itabaki nyumbani. Ndiyo ao hapana?"

Ghislaine anatazama picha ya mlima ukutani. Anawaza karo ya Charlène; inaonekana usoni kwamba anaiwaza. Kisha anavua gilet, kizibao cha kampuni, anaikunja pembe kwa pembe, jinsi anavyokunja vitambaa vya altare parokiani kila Jumamosi, na kuiweka mezani.

"Hapana, patron. Ya Fabien, atakuletea mwenyewe kesho."

Ghislaine anachukua mkanda wake wa kamba uliokuwa kwenye kiti, anauviringisha mkononi, na kutoka nje.